NANI ALILIPA ILI UMWONE WA KWANZA?
Piblisite ya ku intaneti mu inchi mbalimbali na mu luga mbalimbali



Mu miji yetu ya machimbo, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi ziko leo na telefone yenye intaneti. Baba anatafuta bei ya kipande cha motokari. Mama anatafuta dawa ya mtoto. Kijana anatafuta masomo ya juu ao kazi. Kila mmoja anaandika maneno mawili matatu, anafinya, na mara moja majibu inakuja, moja chini ya ingine, sawa vile watu waliosimama mu mustari. Na wengi wetu tunawaza: yule aliye wa kwanza mu mustari ndiye bora kuliko wote. Je, ni kweli?

Jibu ni hili: si kila mara. Mara nyingi wale wa juu kabisa walilipa feza ili wasimame pale. Haiko wizi, ni biashara yenye kujulikana. Lakini mtu asiyeijua anaweza kupoteza feza, na hata uzima, kama utakavyoona mbele. Tena biashara hii haifanyike namna moja mu kila inchi, wala mu kila luga. Basi tuifuate pole pole.

SOKO YA MAULIZO

Mashini ya kutafuta, sawa vile Google, inatangulia kusoma kurasa za intaneti na kuziandika mu kitabu chake kikubwa. Unapouliza, haizunguke dunia nzima ile saa; inafungua kile kitabu. Inakuletea majibu ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile inayochagua yenyewe, na mwenye ukurasa halipi kitu. Aina ya pili ni piblisite: mtu ao kampuni ililipa ili jina lake lionekane wakati unaandika neno fulani.

Ile aina ya pili ilianza kupata nguvu mu mwaka 1998, kule California, inchi ya Marekani. Mtu mmoja, Bill Gross, alianzisha kampuni iliyoitwa GoTo.com. Wazo lake lilikuwa nyepesi: kila neno ambalo watu wanatafuta linaweza kuwa na bei. Anayetaka kusimama wa kwanza wakati watu wanaandika neno "maua", aseme atatoa senti ngapi kila mara mtu anafinya jina lake. Anayetoa mingi anasimama juu. Kama hakuna anayefinya, halipi. Mu 2001 ile kampuni ilibadili jina ikaitwa Overture, na mu 2003 Yahoo ikainunua.

Google nayo ilianza kuuzisha piblisite yake mu mwezi wa kumi 2000, na mu 2002 ikachukua namna ya mnada na ya kulipa kwa kila kufinya. Ile kazi ambayo ilianza kwa kuhesabu senti ikawa mlima: mu mwaka 2023 peke yake, piblisite ya kutafuta iliingizia Google zaidi ya miliari 175 za dola za Marekani. Ndugu msomaji, sasa unaelewa sababu gani kutafuta ni "bure". Wewe haulipi kwa mukono wako, lakini ulizo lako limeuzishwa.

MNADA UNAENDA NAMNA GANI?

Mu mnada wa kawaida, mwenye feza nyingi ndiye anashinda. Hapa si vile kabisa. Mashini inaangalia mambo mawili pamoja: bei ambayo mtu anatoa, na uzuri wa piblisite yake, ni kusema kama inajibu kweli yale watu walitafuta. Tufanye hesabu ndogo ya mfano, kama kule masomo.

Tuseme mafundi wawili wanatengeneza milango ya chuma. Wa kwanza anatoa senti 100 kwa kila kufinya, lakini ukurasa wake ni mubaya, mashini inaupa 2 tu. Mara 100 na 2 ni 200. Wa pili anatoa senti 60, lakini ukurasa wake unajibu vizuri, mashini inaupa 5. Mara 60 na 5 ni 300. Basi wa pili anasimama juu, hata kama feza yake ni kidogo. Tena halipi zile senti 60 zote. Analipa kiasi cha kumpita tu mwenzake: 200 kugawanya na 5 ni 40. Atatoa senti 40 na kitu kidogo. Leo mashini inaongeza mambo mengine mengi mu ile hesabu, lakini musingi ndio huo.

Sasa kijana mwenye biashara, usikimbie bado. Endelea na hesabu. Kama watu 100 wanafinya kwa senti 40, umelipa dola 40. Kati ya wale 100, tuseme wawili tu wananunua. Kila mununuzi amekugarimu dola 20. Kama faida yako ku mlango mmoja ni dola 15, basi kila mlango unaouzisha unakupotezea dola 5. Utaona watu wanaita, telefone inalia, mikono inatumika mchana kutwa, na ku mwisho wa mwezi sanduku ni tupu. Wafanyabiashara wengi, hata wa inchi zenye utajiri, walianguka namna hii. Walihesabu waliofinya, hawakuhesabu walionunua.

INCHI INGINE, MASHINI INGINE

Wengi wetu tunazania kama dunia nzima inatafuta na Google. Hapana.

Mu Urusi, mashini inayoitwa Yandex ilianza mu 1997. Nguvu yake ilitoka ku luga. Mu Kirusi, jina moja linabadilika mwisho wake kufuata kazi yake mu maneno. Mashini iliyotengenezwa kwa Kiingereza inaweza kuona yale majina kama maneno mbalimbali. Sisi tunaofahamu luga zetu tunaelewa jambo hili upesi: kwetu neno linabadilika mbele. "Kitabu" na "vitabu" ni kitu kimoja. "Ananunua", "tulinunua", "watakaponunua", yote inatoka ku "nunua". Mashini isiyojua vile itakuambia haikuona kitu, wakati kitu kiko pale. Waliotengeneza Yandex waliifundisha namna zote za neno. Tena siasa nayo inaingia: mu mwezi wa tatu 2022, wakati wa vita ya Ukraine, Google iliacha kuuzisha piblisite mu Urusi. Kampuni ya inje iliyotegemea mlango mmoja tu iliukuta umefungwa.

Mu China, mashini kubwa ni Baidu, iliyoanzishwa ku Beijing mu mwaka 2000 na Robin Li na mwenzake Eric Xu. Kichina kinaandikwa bila nafasi kati ya maneno. Mashini inapashwa kwanza kujua neno moja linaishia wapi na ingine linaanzia wapi. Google ilifungua ukurasa wake wa China mu 2006, lakini mu 2010 ikakataa kuendelea kuficha majibu ambayo serkali haikutaka, ikatuma watafutaji wake ku Hong Kong. Toka ile siku, anayetaka wanunuzi wa China anapashwa kujifunza milango ya Wachina wenyewe.

Mu Korea ya Kusini iko Naver, ya mwaka 1999. Habari yake inatugusa sisi zaidi. Wakati ile, kurasa za Kikorea ku intaneti zilikuwa chache. Utatafuta nini mu kitabu kisichoandikwa? Basi mu 2002 Naver ikafungua mahali ambapo mtu yeyote anauliza, na mtu yeyote anayejua anajibu, kwa Kikorea. Mama anajibu juu ya chakula, fundi anajibu juu ya mashini, mwanafunzi anajibu juu ya hesabu. Wakajaza kitabu chao wenyewe. Na Wacheki, taifa dogo la Ulaya, walikuwa na Seznam toka 1996, na kwa miaka mingi iliipita Google ku inchi yao.

Fundisho ni moja: luga isiyoandikwa ku intaneti haitafutwi, na isiyotafutwa haina soko pale.

LUGA MOJA, MANENO MBALIMBALI

Kampuni nyingi zinawaza hivi: "Tuko na piblisite ya Kifaransa, itatosha ku inchi zote za Kifaransa." Sisi watu wa Kongo tunajua kama si kweli. Mtoto wetu ku masomo anahesabu "septante" na "nonante", sawa vile Mubeleji. Mufaransa anasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Telefone ya mukononi, Mufaransa anaiita "portable", Mubeleji "GSM", watu wa Kebek "cellulaire", na Waswisi wengi waliizoea kama "natel". Mwenye kuuzisha telefone akinunua neno "portable" peke yake, Mubeleji anayeandika "GSM" hataona jina lake. Wahispania vile vile: motokari ni "coche" kule Hispania, "carro" ku Kolombia, na "auto" ku Argentina.

Na Kiswahili je? Tuchukue mfano wa karibu. Motokari nyingi zinazokuja Lubumbashi zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Mufanyabiashara wa Dar es Salaam anaandika piblisite: "Tunauza magari". Kwake ni kusema: tuko na magari, mulete feza. Lakini mu kinywa cha watu wa Lubumbashi, "kuuza" mara nyingi ni kutoa feza ili upate kitu. Anayetoa kitu, yeye "anauzisha". Basi yule wa Lubumbashi anaweza kuelewa: huyu anatafuta magari ya kununua! Tena wengi kwetu hawataandika "gari", wataandika "motokari", ao wataandika tu Kifaransa. Luga ni moja, wanunuzi hawaonani na muuzishaji.

Hata kama maneno inafanana, inchi haifanane. Japani, Tanzania na Zambia watu wanaendesha ku mukono wa kushoto wa njia, na usukani uko kuume. Kongo tunaendesha ku mukono wa kuume, usukani unapashwa kuwa kushoto. Piblisite iliyogeuzwa neno kwa neno haitakuambia vile. Utafinya, utafurahi na bei, na ile motokari itakuja na usukani upande usiokufaa.

Ndiyo maana wale wanaojua kazi hii hawageuzi tu maneno. Wanauliza watu wa ile inchi: ninyi mukitafuta kitu hiki, munaandika nini? Wanatengeneza ukurasa kwa kila inchi, na bei ya feza ya kule, na namna ya kulipa ya kule. Wanaweka alama ndani ya ukurasa, ambayo Google ilianza kuipokea mu 2011, ya kuambia mashini: huu ni Kifaransa cha Ubelgiji, huu ni cha Ufaransa, usichanganye. Na wanaweka mtu anayeweza kujibu telefone mu ile luga. Sababu ni aibu kuita mugeni kwa luga yake, na akifika mlangoni umukose wa kumsemesha.

WAKATI MGONJWA ANATAFUTA

Mpaka hapa tumesema habari ya feza. Sasa sikieni habari ya uzima.

Mu China kulikuwa kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka 21. Alipata kansa ya aina isiyoonekana sana. Yeye na wazazi wake walitafuta lopitalo ku Baidu. Juu ya majibu wakaona lopitalo moja ya Beijing yenye kutangaza matunzo mapya. Wazazi walikusanya feza, zaidi ya yuan 200 000, wakaenda. Matunzo haikusaidia. Mbele ya kufa, yule kijana aliandika ku intaneti namna alivyoongozwa na jina lililolipiwa, na kama ile dawa haikuwa jambo jipya lenye matumaini kama walivyoambiwa. Alikufa mu mwezi wa ine 2016.

Watu wa China walikasirika sana. Serkali ilituma wachunguzi kwa Baidu. Mu mwezi wa tano ikaamuru: majibu yenye kulipiwa isipite 30 kwa mia ya ukurasa, na feza peke yake isiamue nani anasimama juu. Toka tarehe 1 ya mwezi wa kenda 2016, amri ingine ikatangaza wazi kama jibu lililolipiwa ni piblisite, na linapashwa kuwa na alama ya kuonekana.

Musiseme: "Ile ni ya Wachina." Marekani nako, wakubwa wa serkali wenye kulinda wanunuzi waliandikia kampuni za kutafuta mu 2002, na tena mu 2013, wakiziomba zitenge wazi piblisite na majibu mengine. Mu Ulaya, tarehe 23 ya mwezi wa tatu 2010, mahakama ya Luxembourg ilikata neno mu kesi ya Google na Louis Vuitton, wenye kutengeneza mifuko. Kulikuwa watu waliolipa ili waonekane wakati mtu anaandika jina la Louis Vuitton, na wengine waliuzisha mifuko ya uongo. Mahakama ilisema kama Google kuuzisha neno si kosa lenyewe, lakini mwenye jina anaweza kukataza piblisite inayofanya mununuzi asijue kitu kinatoka kwa nani. Mnaona? Inchi zenye serkali za nguvu zilihitaji miaka na mahakama. Sisi huku tunapashwa kutumia macho yetu wenyewe.

TUFANYE NINI HUKU KWETU?

Wewe unayetafuta, shika mambo haya.

Kwanza, mbele ya kufinya, angalia juu ya jina. Ku Google ya Kifaransa neno ni "Sponsorisé". Ukiona lile neno, ujue: huyu alilipa. Anaweza kuwa mutu mwema, lakini hakuchaguliwa kwa wema wake.

Pili, shuka. Soma jibu la tatu, la tano, la saba. Mega zako zitapunguka kidogo, lakini ni afazali mega kuliko dola.

Tatu, andika ulizo lako mu luga mbili. Lile ulilouliza kwa Kifaransa, uliza tena kwa Kiswahili ao kwa Kiingereza kama kuna mtoto nyumbani anayekijua. Majibu itakuwa mengine, na piblisite itakuwa ingine. Mahali inapopatana, una sababu zaidi ya kuamini.

Ine, kwa dawa, kwa lopitalo, kwa viza na kwa masomo ya inje, usitume feza hata franka moja kwa sababu ya jibu la ku telefone peke yake. Uliza munganga unayemjua. Uliza jamaa aliyekwisha kufika kule. Ile familia ya China haikukosa upendo wala akili. Ilikosa mtu wa kuwaambia nani alilipa.

Na wewe kijana unayetaka kuuzisha, anza bila kulipa. Andika kazi yako wazi: unatengeneza nini, mu mtaa gani, bei gani, telefone gani. Iandike kwa maneno ambayo wanunuzi wako wanasema ku soko, si yale ya kitabu. Kama wanunuzi wako wanavuka Kasumbalesa, andika pia Kiingereza na Kibemba chao. Nyuma, ukitaka kulipa, weka feza kidogo ambayo unaweza kuipoteza, na uhesabu walionunua, si waliofinya.

Tena kumbuka Wakorea. Kila mara unaandika mu luga yetu jambo la kweli lenye kusaidia, namna ya kulinda mtoto na malaria, namna ya kupanda mihindi mu udongo wa Katanga, namna ya kutengeneza pompi ya maji, unaongeza ukurasa mu kile kitabu. Kesho mtu wa Kipushi atauliza kwa kinywa chake, na jibu la kwanza litakuwa la ndugu yake aliyejua, si la mugeni aliyelipa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mu jamaa yetu, nani alitafuta kitu ku intaneti wiki hii? Jibu la kwanza lilikuwa limelipiwa ao hapana?
2. Vitu tunavyouzisha sisi ao majirani wetu, watu wa Lubumbashi wanaviita nani? Na watu wa Dar es Salaam? Na watu wa Zambia?
3. Kama mtu wetu ni mgonjwa, tutauliza nani mbele ya kutuma feza? Andikeni majina mawili, muyaweke mahali wote wanaona.